Kuku Wasioatamia

Mzee Trei, jina walilompa majirani kwa wingi wa mayai aliyouza, alikuwa na sheria moja bandani: mtetea akianza kuatamia, kisu. Anayeatamia hatagi, naye alitaka mayai tu. Vifaranga alitotoa kwa mashine. Miaka ishirini na sita alikwenda hivyo, akapata kuku wanaotaga kama wamelogwa, na majigambo yake hayakuwa na breki.

Basi mashine ikaungua. Ndani mlikuwa na mayai kumi na mawili yaliyobakiza siku nane kuanguliwa, na jogoo wake wa mwisho alikuwa amekufa kwa ugonjwa wiki iliyotangulia. Mayai hayo yakiharibika, mbegu yake imekwisha na jasho lote limekwenda na maji.

Akayagawa upesi kwenye viota, akawaweka mitetea juu. Wakayakanyaga, wakaenda zao kula.

“Baba, tuombe kuku wa jirani anayeatamia,” bintiye akamwambia. Alikuwa mwalimu wa sayansi, na kubembeleza hakukujua.

“Vile vijikuku vya jalalani? Thubutu! Hawa wangu wamezoea mashine tu. Watajifunza.”

“Kuzoea ni kama wanavyotafuta kivuli jua likikaza. Ndege wa porini nao walibadilika vizazi kwa vizazi, hakuna aliyewachagua: asiyeatamia hakuacha kifaranga, anayeatamia akaacha. Hawa wako si hivyo wala vile. Umewachagua wewe, Baba, kwa kisu. Watajifunzaje wasichozaliwa nacho?”

“Nenda kafundishe watoto wa shule!”

Ubishi gani huo, jamani! Siku ikaisha. Kesho yake adhuhuri ndipo alipokwenda kwa jirani, kichwa chini, akarudi na kuku mdogo mweusi aliyenyonyoka shingo. Mayai yakakusanywa kiota kimoja, na kuku hata hakusukumwa. Akayasogeza mayai kwa mdomo, akajitandaza juu yake, akatulia tuli.

Bintiye akayachomoa moja moja, akayamulika kwa tochi. Hakuna kilichocheza ndani.

“Yamekufa, Baba. Mtoe, asijitese bure.”

Mzee akapeleka mkono. Kuku akavimba manyoya, akamdonoa mpaka damu ikatoka, wala hakubanduka. Mzee akakaa chini kwenye maranda. Akawakumbuka wote aliowachinja kwa kosa la kufanya hivi hivi, akalia mbele ya mwanawe bila haya.

“Nimekosa, mwanangu,” akasema. “Nimekosa sana.”

Wakatoka wakamwacha kuku pale, bado ameatamia.