Pole ya Miaka Thelathini na Sita

Pasi alikuwa na miaka hamsini na sita alipojiandikisha darasa la jioni kujifunza Kiingereza, na katika familia yake kila mtu alimcheka isipokuwa dada yake. Dada alimnunulia daftari la mistari na kalamu mbili. "Moja ikikauka usipate kisingizio," alimwambia.

Jina la Pasi lilimganda tangu utotoni. Baba yake alikuwa dobi, naye akarithi kazi, na tangu ajue kusimama alikuwa akisimama mbele ya meza ya kunyooshea nguo. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kalamu. Kabla ya kila somo aliinamisha kichwa na kuomba Mungu amfungulie akili, na mlinzi wa benki aliyekaa nyuma yake alipenda kumnong'oneza, "Mzee, niombee na mimi, sijafanya kazi ya nyumbani."

Jumanne moja mwalimu, binti mdogo kuliko mtoto wa kwanza wa Pasi, aliandika ubaoni neno moja tu: sorry.

"Hili mnalijua wote," alisema. "Haya, sisi tunasemaje?"

"Pole!" alijibu mama mwenye duka la vitambaa.

"Samahani," akasema mwingine.

Mlinzi alinyoosha mkono akiwa ameshaanza kusema. "Mwalimu, hawa wenzetu wana uchoyo gani wa maneno? Akikukanyaga, sori. Ukifiwa, sori. Asiposikia ulichosema, sori. Sasa utajuaje kama amekukanyaga au umefiwa?"

"Ukiona kidole cha mguu kimevimba, hujafiwa," mama wa vitambaa akamjibu, na darasa zima likaangua kicheko. Pasi naye alicheka mpaka akafuta machozi.

Mwalimu aliwaacha wacheke, kisha akachora mistari kutoka kwenye lile neno: mmoja kwenda pole, mmoja samahani, mmoja nasikitika, mmoja nisamehe. "Wao wanaliacha neno moja lifanye kazi zote. Sisi tumezigawa," alisema. "Pole anaitoa yeyote. Hata mpita njia akikuona umejikwaa atakupa pole, na hakudaiwa kitu. Lakini nisamehe ina mwenyewe. Kama hukukosa, huwezi kuisema. Na kama umekosa, hakuna wa kukusemea."

Akawapa kazi: kila mtu aandike sentensi nne, moja kwa kila neno, kwa mtu anayemjua kweli.

Pasi hakucheka tena jioni ile. Alijua sentensi ya nne ilikuwa ya nani.

Marehemu baba yao alikuwa na sheria moja kazini. Nguo ya mteja haiingii majini kabla mifuko yake haijakaguliwa, na kinachopatikana kinafungwa kwenye kitambaa na kurudishwa. Lakini nguo za watu wa nyumbani hazikaguliwi. "Kutia mkono mfukoni mwa ndugu yako ni kumpeleleza," alikuwa akisema. Dobi mwingine angecheka sheria hiyo, ila kwao ilishikwa kama amri.

Ndivyo ilivyokuwa siku Pasi alipofua koti la dada yake. Alikuwa na miaka ishirini, dada ishirini na minne. Alipolitoa majini na kulikamua, kitu kikakwaruza mfukoni. Ilikuwa barua ya chuo cha unesi, imekunjwa mara nne. Dada alikuwa amechaguliwa, na alitakiwa kufika Jumatatu na barua hiyo mkononi. Bila barua, nafasi angepewa anayefuata.

Wiki hiyohiyo Pasi alikuwa ameunguza suruali ya mteja, na baba alikuwa amemwambia kwamba akiharibu kitu kimoja zaidi, atafute kazi ya kubeba mizigo. Alisimama na ile karatasi iliyolowa. Kisha akaifinyanga, akaitupa kwenye mtaro wa maji machafu.

Dada alitafuta siku mbili. Alipindua godoro, akarudi njia nzima aliyopita, akainamia majani ya pembeni. "Mdogo wangu, hukuona kitu kwenye koti?"

"Sikuona, dada," alisema Pasi. "Pole sana."

Jumatatu ikapita. Mwaka uliofuata baba aliugua, na dada akashika kazi ya usafi hospitalini ili watu wale. Akafagia wodi ambazo angeweza kuzihudumia, mpaka mwezi uliopita alipostaafu. Na kwa miaka yote hiyo, kila alipoikumbuka ile barua, Pasi alimpa pole.

Lililomuuma zaidi ni utani. Katika familia kitu chochote kikipotea, ilisemwa kimepotea kama barua ya shangazi. Mtoto akisahau daftari, anaambiwa amerithi kichwa cha shangazi. Shangazi mwenyewe alicheka pamoja nao. Lakini Pasi ndiye aliyemwona akifunga mlango, akaenda hatua tano, akarudi kuutikisa. Ndiye aliyejua kwamba dada huandika kwenye kiganja kila anachotumwa, hata chumvi.

Usiku na mchana alikuwa amemwomba Mungu msamaha. Aliamini amesamehewa. Lakini sasa, mbele ya daftari la mistari, aliona kwamba alikuwa amepeleka ombi kwa Mungu ili asilazimike kulipeleka kwa dada yake. Akaandika sentensi tatu. Ya nne haikuandikika.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa dada yake. Alimkuta akichambua mchele kwenye sinia, miwani kwenye ncha ya pua.

"Karibu, mwanafunzi. Wamekufukuza shule?"

"Bado." Akaketi. "Dada, nina neno."

"Basi litoe, mbona umekunja uso kama shati lisilopigwa pasi?"

Hakucheka. Alimwambia. Alieleza kuhusu koti, na kitu kilichokwaruza, na baba, na mtaro. Alizungumza akiangalia sakafu, na alipofika mwisho akasema, "Nisamehe, dada."

Mikono ya dada ilikuwa imesimama juu ya mchele. Nje jirani alikuwa akigonga msumari, anaacha, anagonga tena.

"Ilikuwa imesagika?" dada aliuliza mwishowe.

Pasi angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwepo.

"La," alisema. "Haikuwa imesagika. Jina lako lilisomeka. Na mhuri."

"Ulikuwa na pasi ya moto mezani."

"Ilikuwepo."

"Ungeikausha."

"Kwa dakika tano," alisema Pasi.

Dada alivua miwani. "Unajua nilichokuwa nikifanya miaka yote? Nilikuwa nikiitembea ile njia. Kila nikilala, naitembea. Nilijiambia ilianguka pale kwenye kona, nilipotoa leso. Nimejiita mzembe mpaka nimezoea." Akatulia. "Na wewe ndiye pekee ambaye hukunicheka. Nilikuwa nikisema, wote wananicheka, lakini mdogo wangu ananihurumia. Ile pole yako nilikuwa nikiiegemea, Pasi. Sasa niegemee wapi?"

Pasi alitaka kupiga magoti, akaona hata hilo lingekuwa la kumpunguzia yeye mzigo.

"Sikufukuzi," alisema dada. "Lakini leo nenda. Na kesho watoto wako wakija kula kwako, uwaambie. Wote, wakubwa kwa wadogo. Walinicheka mbele ya watu, nawe ukikaa hapo unatafuna."

"Utakuja?"

"Sijui."

Jumapili, baada ya ibada, wakakusanyika kama kawaida: mke, watoto watatu, wakwe, wajukuu. Kiti cha dada kilikuwa kitupu. Mtoto mkubwa wa Pasi, mpenda mzaha, alitazama huku na huku. "Shangazi yuko wapi? Au naye kapotea kama..."

"Nyamaza," alisema Pasi.

Mtoto akadhani ni mchezo, akaendelea kutabasamu. Pasi akasimama akiwa ameshika mgongo wa kiti, akawaeleza. Hakuacha kitu. Alisema na lile la jina kusomeka, ingawa mkewe alikuwa ameanza kumtazama kama mgeni.

Hakuna aliyegusa chakula. Mjukuu mmoja aliuliza mama yake kwa sauti ya chini kama babu ameiba.

"Baba," alisema mtoto mkubwa, tabasamu limemwisha. "Mimi siku ya kumuaga kazini nilishika kipaza sauti. Nilisema hospitali ishukuru Mungu shangazi hakuwa nesi, angesahau sindano ndani ya mgonjwa. Watu walicheka sana. Na wewe ulikuwa meza ya mbele."

"Nilikuwepo."

"Ulipiga makofi."

"Nilipiga."

Kijana aliinuka, akatoka na simu barazani. Walisikia hatua zake zikienda na kurudi. Akaingia. "Inaita, hapokei."

"Mwache," alisema Pasi.

"Nataka kumwomba msamaha."

"Najua. Lakini yeye kwanza apate nafasi ya kukasirika. Hajawahi kuipata."

Waliondoka mapema siku ile. Mkewe alitoa vyombo, kisha akaenda chumbani. Pasi alipiga magoti pale pale kwenye mkeka, kama alivyozoea kila jioni, na midomo ikaanza yenyewe ombi lake la miaka thelathini na sita, la kusamehewa. Akalikata katikati. Akaanza upya, akaomba dada yake alale, na usingizini asiipite tena ile njia. Alirudia ombi hilo mpaka magoti yakafa ganzi, na simu iliyokuwa kando yake haikulia.