Picha ya Mheshimiwa Mpungani

Kazi ya Habiba binti Bwanaheri ilikuwa kumsemea Mheshimiwa Abdulatifu mtandaoni. Mheshimiwa alikuwa mwanasiasa, mtu wa watu, lakini kuandika kulimchosha. Alituma sauti, Habiba akaigeuza maandishi, akatafuta picha, akaweka kwenye ukurasa wake. Watu wa Kibiti mjini na wa vijiji vya delta, kule mto unakoingia baharini, waliujua ukurasa ule. Habiba hawakumjua.

Mwaka wa korona sauti zilikuwa fupi. "Waambie watu wachape kazi. Haya ni mafua makali tu. Wajifukize, wamuombe Mungu. Na barakoa nisizione kwenye picha zangu." Habiba aliandika hivyo, na watu wakashukuru. Mtu mwenye hofu humpenda anayemwambia hakuna kitu.

Kisha sauti zikakatika. Katibu wa mheshimiwa, Saidy, akaja ofisini, akafunga mlango.

"Mzee yuko Dar. Kawekewa mashine ya hewa. Neno hili lisitoke humu."

"Niandike anaumwa?"

"Uandike anaumwa! Watu si watachanganyikiwa? Picha za zamani unazo. Weka yuko fiti."

Habiba akachagua picha ya mavuno ya mwaka uliopita: mheshimiwa kasimama katikati ya mpunga, suruali kaikunja, anacheka. Chini yake akaandika: "Leo niko shambani na wananchi wangu. Nimejifukiza, niko imara. Tusitishane." Akaenda kula chakula cha mchana.

Siku chache baadaye akapigiwa simu na Swalehe, mdogo wake aliyebaki kijijini Maparoni na baba yao. Baba anakohoa, kifua kinambana, halali ila kwa kukaa.

"Mpakie kwenye boti sasa hivi," Habiba akasema. "Nitawapokea gatini Nyamisati na gari, twende naye hospitali Mchukwi."

"Hataki, dada. Sema naye mwenyewe."

Sauti ya Mzee Bwanaheri ilikuja kwa vipande, kama mtu anayepanda ngazi.

"Mwanangu, usihangaike. Nimejifukiza... nitajifukiza tena."

"Kujifukiza hakutoshi, baba. Unahitaji hewa."

"Mbona mheshimiwa kajifukiza, yuko imara? Swalehe kanionyesha. Yumo mpungani, anacheka."

"Picha ile nimeiweka mimi, baba. Ya mwaka jana. Mheshimiwa yuko hospitali, hoi."

Mzee akakohoa kwa muda mrefu.

"Weye mtoto, huko mjini wamekufunza kuwazushia wakubwa?"

"Wallahi baba, ni mimi ninayeandika!"

"Basi kama ni weye... mbona umeandika yuko imara?"

Mzee hakungoja jibu. Aliuliza kama anayemkamata mtoto kwenye uongo, akamrudishia Swalehe simu.

Habiba alimfuata Saidy, akamsihi aruhusu maneno mawili tu: anayebanwa na kifua aende hospitali. Saidy akatikisa kichwa. Maneno hayo, alisema, ni sawa na kutangaza kwamba mheshimiwa anaumwa. Habiba akarudi mezani kwake, akayaandika bila ruhusa: "Ndugu zangu, kujifukiza hakutoshi. Anayebanwa na kifua asingoje nyumbani. Na mimi ninaumwa."

Hakuwa amewahi kuandika kweli kwa jina la mheshimiwa. Majibu yakamiminika. "Ukurasa umedukuliwa!" "Huyu si mzee wetu, mzee hasemi hivi." "Mlaaniwe mnaomwombea mabaya." Aliyasoma yote akitafuta hata mmoja aliyeamini. Kabla hajafika mwisho ukurasa ukamfungia nje. Saidy alikuwa amebadilisha nywila. Ujumbe wake ulifutwa, picha ya mpungani ikarudishwa juu, na watu wakamshukuru Mungu.

Akampigia Swalehe. "Baba kaona ule ujumbe?"

"Nimemsomea. Anasema wezi wameingia kwenye simu ya mheshimiwa. Dada, midomo yake inageuka rangi."

"Mbebe! Hata kama hataki, mbebe!"

Habiba alikodi pikipiki mpaka Nyamisati. Maji yalikuwa yamekupwa. Boti zilikuwa zimelala ubavu kwenye matope, na nahodha akamwambia hakuna awezaye kupita mtoni mpaka maji yajae. Akasimama gatini, viatu mkononi, akitazama upande wa Maparoni, ambako Swalehe naye alikuwa amempakia baba kwenye boti isiyoelea. Simu ilipoita hakutaka kuipokea.

Maji yalipojaa alivuka, akakuta baba ameshaoshwa. Wanaume walipomchukua kwenda makaburini, Habiba alibaki ndani na wanawake. Alitaka kusimama awaambie kilichotokea, tangu picha mpaka nywila. Swalehe aliporudi, mikono bado ina udongo, alimvuta pembeni.

"Usiseme hapa, dada. Watasema umemuua baba. Na mheshimiwa bado watampenda."

"Lakini ndiyo kweli yenyewe, mimi ndiye—"

"Najua ni kweli."

Habiba akarudi mkekani. Mama Mashavu, jirani aliyewalea wote wawili walipofiwa na mama, akaja kumkumbatia. Akakaa karibu naye, akageuza uso, akakoholea kwenye pindo la kanga.

"Mama, nenda hospitali," Habiba akasema. "Leo. Nakuomba."

"Ah, vumbi la pumba hili, mwanangu," Mama Mashavu akasema, akimpapasa mgongo. "Nyamaza. Baba yako kapumzika."