Kurasa Thelathini na Mbili

Mimi na kaka yangu tulichora vitabu vya watoto: chumba kimoja, meza mbili, ugomvi wa miaka tisa. Yeye alitumia programu ya kulipia, ambayo hata michoro yenyewe hukaa huko kwenye kompyuta za kampuni inayoiuza. Mimi nilitumia programu huria, isiyo na mwenyewe. "Bure ghali," alinitania kila iliponigandia. Nami nilimjibu kwamba amekuwa mpangaji kwenye kazi yake mwenyewe. Nikaapa mbele ya mkewe kuwa programu ile sitaigusa hata kwa ncha ya kidole.

Kisha figo zikamwangusha. Miezi yake ya mwisho, akiwa kitandani, alimchora binti yake wa miaka saba kwa programu yake ileile. Kurasa thelathini na mbili, kila ukurasa umri ambao yeye hangekuwepo kuuona: binti anapanda baiskeli, anamaliza shule, ananyonyesha, anaota mvi. Alimaliza Jumanne, akafa Alhamisi.

Baada ya mazishi wifi aliniomba nimtolee kurasa zile, ichapishwe nakala moja tu, ya mtoto. Kompyuta ya marehemu ilikuwa palepale mezani. Ningemwuliza wifi neno la siri, ningeifungua. Lakini nilikuwa nimeapa, na mimi ni mbishi wa kuzaliwa. Nikawaandikia watu wa kampuni kwa heshima zote: mteja wenu amefariki, mimi ni dada yake, naomba michoro yake kwa namna ambayo programu yangu itaweza kuifungua.

Walijibu siku ya tatu. Walitoa pole. Akaunti ni ya mteja peke yake, walisema, hairithiwi. Kwa taarifa niliyowapa wameifunga, na vilivyomo vimefutwa kwa mujibu wa masharti aliyoyakubali. Nikapiga simu, nikabembeleza, nikatukana. Haikusaidia kitu.

Jioni wifi aliingia na kijidaftari.

"Wifi, neno la siri hili hapa. Aliniandikia kabla hajazidiwa. Si ungeniuliza tu?"

Nikamweleza yote, hata barua. Alikaa kwenye kiti cha kaka.

"Kwa hiyo ulikuwa sahihi," akasema. "Miaka yote ile mlivyokuwa mnabishana, wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

Akakifunga kijidaftari.

"Haya. Mtoto yuko sebuleni, anasubiri kitabu chake. Nenda ukamwambie yeye kwamba ulikuwa sahihi."