Matanga ya Nahodha Mwinyimvua

Sitara alijua kwamba Nahodha Mwinyimvua amekufa kabla nyumba nzima haijajua. Alijua akiwa amesimama kwenye kona ya Mtaa wa Narung'ombe, gazeti mkononi, na nzi anamtembea puani hata asimfukuze.

Mara ya kwanza alidhani ameruka mstari. Akasoma tena. Hakuruka. Mistari tisa, basi. Roketi Kimondo imekaribia nyota ya Zuhura, mtambo umepasuka, Nahodha na wenzake wote wamekufa, hadithi imeishia hapo, wasomaji wetu asanteni. Chini yake, pale ambapo kila Jumamosi kwa miezi minane palijaa hadithi, wameweka picha kubwa ya sabuni ya kufulia.

"Mistari tisa!" Sitara aliliambia gazeti.

Kusema na gazeti kulikuwa hakumshindi. Waliomshinda ni watu. Mtu akimtazama usoni tu, maneno yote yanamrudi tumboni. Ndiyo maana alipokuwa akiwasomea watu wa nyumba yao hiyo hadithi, alisoma akiwa nyuma ya mlango wa jiko, wao wamekaa uani kwenye mikeka wanasikia sauti bila kumwona. Polycarp alimwita "redio yetu". Huyo Polycarp alikuwa Mchaga wa Kibosho, anauza viazi na vitunguu kwa magunia, amepanga chumba cha mbele, na gazeti la Tarishi yeye ndiye alikuwa analilipia, Sitara akitumwa kulifuata.

Hadithi ilianza mwaka ule wa hamsini na saba, Warusi waliporusha ile nyota yao ya chuma na mji mzima ukawa unatembea shingo juu, watu wanagongana na mikokoteni. Tarishi nao wakarusha chombo chao, na nahodha wake wakamfanya mtu wa Kisarawe. Bibi Siti, mwenye nyumba, nyanya yake Sitara, aliposikia jina tu akasema, "Mwinyimvua wa Kisarawe? Huyo mtu wetu. Mamake namjua." Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa ni mtu wa kwenye karatasi.

Sasa amekufa. Na Sitara alikuwa na sababu yake ya kulia, mbali na za wengine.

Babake, Sadalla, muuza nazi wa sokoni, tangu mfungo uliopita alikuwa anasema mtoto ameshakuwa mwali, aache shule, awekwe ndani kama mama zake walivyowekwa. Bibi Siti akamjibu mbele ya wapangaji wote, "Umweke ndani, halafu Nahodha asomwe na nani? Wewe?" Sadalla herufi za Kiarabu alikuwa anazisoma kama maji, lakini hizi za gazeti zilikuwa zinamwangalia tu. Akaona aibu, akasema, "Haya mama. Hadithi ikiisha, na shule imeisha." Bibi Siti akasema, "Tumekubaliana." Watu wote wakashuhudia.

Ndiyo maana kila Ijumaa Sitara alikuwa anamwombea Nahodha matatizo. Mungu wangu, leo apotee njia. Leo mafuta yamwishie. Apate matatizo mengi, lakini asife. Aliomba hivyo wiki baada ya wiki, na kilichokuja kumponza Nahodha ni sabuni.

Alifikiri kudanganya. Angeweza kutunga kitu palepale. Lakini Polycarp alikuwa anajua kusoma, ingawa neno moja moja kwa kidole, na kila gazeti likishasomwa alikuwa analikunja na kuliweka chini ya godoro. Jioni angelifunua, na kesho Sitara angekuwa mwongo tena asiye na shule.

Baada ya sala ya alasiri akaingia nyuma ya mlango wa jiko, akasoma ile mistari tisa. Iliisha hata Zamzam, mpangaji wa chumba cha kati, hajamaliza kumfunga mtoto mgongoni.

"Endelea," alisema Bibi Siti.

"Imeisha, Bibi."

"Imeisha nini?"

"Hadithi. Wamekufa wote."

"Wote? Hata mpishi?"

"Hata mpishi."

Mchuzi wa mtu ukaanza kuungua, hakuna aliyeinuka.

"Yallah!" Zamzam alipiga kelele. "Na mwanangu nimempa jina lake! Hajaota hata jino, wajina wake kashakufa!"

"Lete gazeti hapa," alisema Polycarp. Sitara akalipitisha kwenye ufa wa mlango, mkono tu. Polycarp akalitazama, akaligeuza, akalitazama tena. "Wametufukuzia mtu wetu kwa sababu ya sabuni. Mimi hii sabuni sinunui. Mke wangu hanunui. Moshi nzima hawatanunua, nitaandika barua."

"Na angekufa angalau kwa vita," Zamzam alisema. "Si alikuwa anaelekea kupigana na wale watu wa macho matatu? Wiki mbili nzima anaelekea!"

"Kapasuka kama tairi," alisema Polycarp kwa uchungu. "Mtu mzima. Nahodha!"

Hapo ndipo mlango wa chumba cha Sadalla ulipofunguka. Kila Jumamosi saa ya hadithi Sadalla alikuwa anasema kichwa kinamuuma, anaenda kulala. Leo akatoka na koti lake begani na kanzu haina hata kunyanzi moja.

"Nimesikia imeisha," alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. "Mama, maneno ni yaleyale. Jumatatu Sitara anabaki ndani."

Bibi Siti hangeweza kumpinga. Alikuwa amekubali mwenyewe, mbele za watu.

Nyuma ya mlango, Sitara aliegemea mtungi. Ndiyo hivyo tena. Mistari tisa ya mtu asiyemjua, na yeye hatakiona tena kiti chake cha darasa la sita.

"Mke wangu, nipe maji," ilisema sauti kwenye mlango wa nyuma. "Na mbona nyumba kimya hivi, Wazaramo mmekula sumu?"

Alikuwa Maganga, kuli wa bandarini, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wa Wazaramo, mabega kama kabati. Tangu Sitara akiwa na miaka minne Maganga alikuwa anamwita mke wake, na Sitara anamwambia amlipe kwanza mahari ya ng'ombe wasio na kupe. Kwa Maganga peke yake ndiyo ulimi ulikuwa haumkwami. Mtani utamwonea haya vipi? Ukinyamaza atakusema mpaka jua lizame.

Sitara akamchotea maji kwa kata, akamweleza yote kwa kunong'ona. Maganga akanywa, akacheka.

"Nilisema mimi! Mzaramo afike Zuhura? Nilijua atashukia Pugu kutafuta tembo la mnazi."

"Mtani, usicheke. Niambie. Kwenye msiba wetu wewe unaruhusiwa kufanya nini?"

"Chochote. Mwaka jana kwa mzee mmoja wa Ilala nililala kaburini kabla yake. Nikakataa kutoka mpaka wakanipa jogoo."

"Hawakukasirika?"

"Amkasirikie mtani nani? Atachekwa mpaka wajukuu zake."

Sitara alitazama kupitia ufa wa mlango. Aliwaona watu wamekaa kwenye mikeka wameshika tama, Zamzam anafuta macho kwa ncha ya kanga. Huu ulikuwa msiba kabisa, ulikosa ubani tu. Akamvuta Maganga shati, akamnong'oneza sikioni. Maganga alianza kutabasamu upande mmoja, halafu na wa pili.

Aliingia uani akilia kwa sauti iliyowatoa njiwa juu ya bati. "Ooo! Nimekufa mie! Nimekufa, na ndugu zangu hata uji hawajapika!" Akajibwaga katikati ya mkeka, mikono kifuani, macho kafumba, miguu inazuia njia ya kwenda mlango wa mbele.

"Astaghafirullah, Maganga!" alisema Bibi Siti, lakini midomo ilishaanza kumcheza.

"Maganga yupi? Mie Mwinyimvua. Nimekuja kwa miguu kutoka Zuhura, ndala zimekatika. Wazaramo nyinyi, mtu wenu amepasuka, na mnakaa kujadili sabuni!"

Zamzam akaangua kicheko huku machozi bado yanamtoka. Sadalla hakucheka. Akakunja kanzu, akataka kupita.

"Maiti haivukwi!" Maganga alimdaka kifundo cha mguu bila kufumbua macho. "Huu mguu naujua. Wa Sadalla huu. Tena una deni na mie. Wiki ile tulipoishiwa maji kule mwezini, wenzako wakiwa hapa uani, nani aligonga dirisha kwa ndani akamnong'oneza Maganga aliyepita nje, 'Wamepata maji? Hebu asome tena'?"

Watu wote wakageuka. Sadalla akatazama dirisha lake kana kwamba ndilo lililomchongea.

"Kilikuwa kinaniuma kichwa," alisema.

"Na masikio yakawa mazima. Haya, mfiwa, sikiliza haki yangu. Jogoo sitaki. Nataka tanga langu lisianuliwe mpaka maiti yangu imeletwa nyumbani, imezikwa Kisarawe. Kabla ya hapo mkeka huu usikunjwe."

Polycarp aliinua mkono. "Samahani, mimi wa bara. Tanga lisipoanuliwa inakuwaje?"

Bibi Siti alikuwa ameshaelewa. Alimtazama mwanawe, akatazama mlango wa jiko, akajishika kiuno taratibu kama mtu anayefunga mzigo.

"Inakuwa hivi, Bwana Polycarp. Mkeka ukiwa bado uko chini, shughuli ya marehemu haijaisha. Yeye haijaisha shughuli yake, hadithi yake itakuwaje imeisha? Na Sadalla alisema mwenyewe, hadithi ikiisha ndiyo shule imeisha."

"Mama! Huyu mtu wa gazetini!"

"Umemsikiliza miezi minane na kichwa kinakuuma. Leo amekuwa wa gazetini?"

"Mkasirikie mtani," Maganga alimchokoza kutoka chini. "Nione. Kesho soko zima watakuuliza bei ya nazi na habari za maiti."

Sadalla alijikuna ndevu. Alikuwa amebanwa, lakini hakuwa mjinga. "Sawa," alisema. "Tanga likae. Lakini maiti iko Zuhura, na huko hakuna basi. Kama wote wamekufa, nani atakayeileta? Niambieni jina lake. Mkikosa, namkunja Maganga na mkeka wake."

Maganga akafumbua jicho moja, akalielekeza jikoni. Hili hawakulipanga.

Sitara aliliona lile jicho. Angeweza kusema palepale alipo, nyuma ya mbao. Lakini sauti ya nyuma ya mlango ni redio tu, na redio inazimwa. Akausukuma mlango, akatoka uani, macho chini, kwenye vidole vya miguu ya Maganga.

"Mpishi," alisema.

"Mpishi gani? Umesoma mwenyewe wamekufa wote."

"Aliyeandika alikuwa hapahapa Dar es Salaam, Baba. Nani alienda huko kuwahesabu?"

Polycarp alicheka kwa pua. Sitara akaendelea.

"Mtambo uko mbele. Jiko liko nyuma kabisa, lina mlango wa chuma. Tuliambiwa wakati ule wali ulipoelea. Mtambo umepasuka, nyuma kukabaki. Mpishi amejifungia na gunia la mchele, anasikia..." Akanyamaza.

"Anasikia nini?" aliuliza Zamzam.

"Kitu kinakwaruza mlango. Kwa nje."

Sadalla alikuwa amesimama na mguu wake bado mkononi mwa Maganga, wala hakumbuki. "Ni kweli," alisema polepole. "Jiko liko nyuma. Wali ulipoelea, nakumbuka." Akavuta kigoda, akakaa. "Wale wa macho matatu?"

"Sijui, Baba. Bado sijaandika."

"Basi andika!"

"Daftari limejaa."

Sadalla akatazama ukuta, akatazama mama yake, ambaye ghafla alikuwa anashughulika sana na ushungi wake. Akatoa pumzi ndefu.

"Jumatatu utanunua jingine kwa yule Mhindi wa kona," alisema. "Ukiwa njiani kwenda shule. Na Jumamosi nisisikie imekuwa mistari tisa."

Sitara akaitikia, akawahi kurudi jikoni kabla hajaanza kucheka mbele za watu.

"Jamani," ilisema sauti kutoka mkekani, ambako mtoto wa Zamzam alikuwa ameshapanda tumboni anamumunya kifungo cha shati, "na mie nitaamshwa na nani? Hata chai?"

"Nyamaza," alisema Sadalla, akimsogezea mguu pembeni apate nafasi ya kigoda. "Wewe umekufa."