Nundu ya Darajani

Bohari nzima walimwita Mama Baridi, na hakuna aliyethubutu kubishana naye juu ya baridi. Kwa miaka ishirini na sita alitunza chumba cha chanjo. Aliingiza mkono katikati ya katoni, akafumba macho kidogo, kisha akatamka, "Nne na nusu." Wakitazama kipimajoto cha ukutani, nne na nusu. Wapo waliosema kwamba alikuwa anakichungulia kwanza. Wivu tu huo.

Kisha vikaja vidude. Hivyo ndivyo alivyoviita vihisi, vijisanduku vyeupe vidogo kama kiberiti, vilivyobandikwa kwenye kila lori, kimoja kati ya katoni na kingine mlangoni. Kila dakika vilituma habari kwenye kompyuta: joto ni kiasi gani, mlango uko wazi au umefungwa, gari limefika wapi. Binti wa mitambo aliyekuja kuvifunga alikuwa na adabu zake, tena mcheshi, na Mama Baridi alijaribu kumchukia akashindwa.

Kilichomuuma ni madaftari ya safari. Madereva wakaambiwa hakuna tena haja ya kuandika, na yale ya zamani yakakusanywa yakatupwe. Aliyatoa yote, akabakiza moja tu, la mwisho la marehemu mume wake. Alilificha kwenye droo, chini ya lile koti zito la chumba cha baridi.

Mume wake aliliendesha lori la chanjo miaka kumi na minane, mwendo wa saa sita kutoka bohari kuu hadi hapo kwao. Alipofariki, usukani ukashikwa na mdogo wake, aliyekuwa utingo wake. Huyo shemeji alikuwa mtu wa utani na Mama Baridi tangu siku ya harusi. Kila akishuka garini lazima amchokoze. "Shemeji, bado hujazeeka tu? Unatuchelewesha!" Naye humjibu kwamba atazeeka siku shemeji atakapojifunza kurudi nyuma bila kugonga nguzo.

Jumatatu hiyo hakukuwa na utani. Mkuu wa bohari aliwaita wote watatu ofisini, na binti akageuza kompyuta wapate kuona. Mstari wa joto ulitambaa sawasawa, halafu katikati ya safari ukainuka nundu, ukashuka tena.

"Ni kwenye daraja la reli," alisema binti kwa sauti ya chini. "Saa sita mchana. Mlango unafunguliwa dakika sita. Katoni za mlangoni zinafika digrii kumi na moja, na hazitakiwi kuzidi nane. Ni kila safari, mama. Miezi miwili sasa."

Mkuu alimkazia macho dereva. "Pale darajani unakutana na nani?"

"Sikutani na mtu."

"Mlango unajifungua wenyewe?"

"Nafungua mimi. Lakini sijaiba. Hesabu katoni zako."

"Katoni zimetimia, ndiyo. Wezi wa siku hizi wanabadilisha vichupa ndani. Nipe sababu, la sivyo kesho asubuhi ulete funguo."

Shemeji mtu akatazama sakafu. Mama Baridi alimjua mkaidi huyu, lakini ukaidi wa leo ulikuwa na namna yake: alimtupia yeye jicho mara moja, haraka, kisha akafunga mdomo kabisa. Hapo akakumbuka. Daraja la reli. Saa sita mchana.

Alitoka bila kuaga, akaenda stoo, akafungua droo. Hakuhitaji kusoma, lakini alisoma. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa ule mwandiko ulioinama kama mtu anayepanda mlima: *Daraja la reli. Nimefungua. Nimegusa. Baridi ipo.* Na pembeni, kwa mkono wa Mama Baridi mwenyewe: *Nimepokea.*

Aliyeanzisha jambo hilo ni yeye. Walikuwa wana miezi mitatu tu ya ndoa, naye ndiyo kwanza kakabidhiwa chumba cha chanjo, anaogopa kila kitu. Alimwambia mumewe mlangoni, nusu amri nusu deko, "Ukifika katikati ya njia, gusa kwa mkono uniandikie. Usiponiandikia baridi ipo, sipokei mzigo." Mwanamume akacheka, akatii miaka kumi na minane. Hakuwa mtu wa barua, wala wa kusema nakupenda. Aliandika baridi ipo, na mke wake akaelewa. Mdogo wake alilirithi lori na kufungua huko, ila yeye hakuandika.

Na kumbe kila mlango ulipofunguliwa kuitafuta baridi, ndipo ilipotoka nje! Mama Baridi aliketi juu ya katoni tupu akalia, kwa uchungu na kwa aibu pia. Daftari likibaki kwenye droo, jina la marehemu linabaki safi na la kwake pia. Ndiyo maana shemeji alinyamaza: alikuwa tayari kuitwa mwizi ili kaka yake asiguswe.

Akajifuta uso, akarudi ofisini, akaliweka daftari mezani.

"Hajaiba," alisema. "Kafundishwa na kaka yake, na kaka yake kaagizwa na mimi. Kama kuna funguo za kurudisha, anza na zangu."

Mkuu alifunua kurasa nyingi. Binti naye alisoma akiwa amesimama nyuma yake, na mara akaanza kupepesa macho. Mwishowe mkuu alimrudishia Mama Baridi daftari kwa mikono miwili. Zile katoni za mlangoni zitengwe zikapimwe, alisema, na kuanzia leo mlango ule usifunguliwe njiani hata kwa dawa. Akamgeukia dereva, akamwomba radhi.

"Shemeji," dereva alimwambia wakiwa nje, "mbona umejianika?"

"Nyamaza wewe. Ningemtania nani?"

Alhamisi, Mama Baridi alikaa kando ya binti wakikitazama kidoti cha lori kikisogea kwenye kompyuta. Kilipofika daraja la reli, kikasimama. Binti akashika kichwa. Dakika moja, mbili, tano. Mlango: umefungwa. Joto: nne na nusu. Mstari ukapita palepale umenyooka, bila nundu, na Mama Baridi akajikuta anaitamani ile nundu.

Dakika ya sita, kidoti kikaendelea na safari.

"Sasa kasimama afanye nini?" binti aliuliza.

Jibu lilifika alasiri, limekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati la dereva. Shemeji alimpa bila utani wowote, akaenda kurudisha gari nyuma. Mama Baridi aliikunjua karatasi juu ya daftari la mumewe.

*Daraja la reli. Sijafungua. Nimegusa mlango kwa nje. Baridi ipo.*

Akatafuta kalamu, akaandika pembeni: *Nimepokea.*