Tisa Kati ya Sitini na Mmoja

Barua ya kumwachisha kazi Aikaeli ilimfikia Ijumaa saa nne asubuhi, nayo ilikuwa na makosa mawili ya tarakimu. Aliyaona papo hapo, maana kuona makosa ya tarakimu ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka tisa katika kampuni moja ya mikopo na uwekezaji mjini Moshi. Akachukua kalamu, akayazungushia duara, akamrudishia bosi wake, Vedastus, barua ili ikachapwe upya. Vedastus hakujua auweke wapi uso wake. Wachambuzi wa fedha walikuwa watano, sasa wanabaki wawili. Makao makuu walikuwa wamenunua programu inayosoma hesabu zote mchana mmoja na kutoa ripoti ambayo wale watano waliitolea jasho wiki nzima. Kazi ya hao wawili itakuwa kukagua kama mashine haijadanganya.

"Ni mwisho wa mwezi huu," Vedastus alisema. "Pole sana, Aika. Barua yenyewe utaipata Jumanne, ikishasahihishwa."

Aikaeli alishukuru, akarudi mezani kwake akamalizia jedwali alilolianza asubuhi. Ndivyo alivyo. Hata akiambiwa nyumba inaungua, kwanza atafunga vizuri kitabu alichokuwa anasoma.

Kilichomsumbua ni kwamba Jumapili hiyohiyo ilikuwa Siku ya Vijana usharikani kwao, Kirua Vunjo, na mchungaji alikuwa ameshamwomba azungumze na vijana waliomaliza kidato cha sita. Awaeleze kazi yake inalipa kiasi gani, ajira zake zikoje, na mbele kuna nini. Mada nzuri kweli kwa mtu aliyetoka kuonyeshwa mlango. Angeweza kusingizia homa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Jumamosi alipanda kwao. Alimkuta mama yake, Rachel, jikoni anamenya ndizi za machalari, naye akaketi kwenye kigoda akamwambia yote, bila kuzunguka. Mama aliacha kumenya. Hakuuliza ilikuwaje, wala hakuuliza wataishije.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, mama."

"Basi iishie hapa. Watu wa huku unawajua. Wakilisikia hili watalitafuna mpaka Krismasi." Akarudi kwenye ndizi zake. Alikuwa mjane wa mwaka wa nne, na katika miaka hiyo minne kitu kimoja tu kilikuwa kimemfanya atembee kifua mbele njiani, nacho kilikuwa ni kuitwa mama yake Aikaeli wa fedha.

Hawajapakua, Ndelilio akabisha hodi. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu baba yake Aikaeli, mkulima wa kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa, jirani yao wa ng'ambo ya mfereji. Nyuma yake alikuja binti yake, Kindness, amebeba bahasha kifuani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umekuja. Nina neno, na ni neno la kazi yako."

Akalieleza akiwa amesimama. Kindness alikuwa amepata nafasi mbili. Moja ilikuwa ya chuo cha mifugo, stashahada ya miaka miwili, ada yake inalipika kwa maziwa ya wale ng'ombe. Nyingine ilikuwa ya chuo kikuu cha binafsi Dar es Salaam, shahada ya fedha na uwekezaji, miaka mitatu, na mkopo wa serikali alikuwa amekosa. Binti alitaka ya pili. Jumatatu angekuja tajiri mmoja kutoka mjini kununua nusu ya kihamba, upande wa barabarani, ule wenye kahawa yote, ajenge nyumba ya wageni.

Kihamba ni shamba la ukoo. Mtu hukipokea kwa baba yake na kukiacha kwa mwanawe, na katikati hapo hana ruhusa ya kukifanya kingine. Ndelilio ndiye aliyekuwa kitindamimba, aliyeachiwa nyumba ya babu na makaburi yake. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuuza hata hatua moja.

"Baba angenilaani," Ndelilio alisema, kana kwamba amemsoma Aikaeli mawazo. "Lakini baba hakusoma mambo ya fedha. Wewe umesoma. Kazi yako si kuwaambia watu waweke wapi pesa zao? Basi niambie. Niziweke kwa huyu mtoto?"

Kindness alimtazama Aikaeli kwa macho yaliyojaa imani. Rachel naye alimtazama, kwa macho mengine kabisa.

"Nisikilize kesho kanisani kwanza, baba mdogo," Aikaeli alisema. "Nitasema kila kitu. Ukishanisikiliza, ndipo uamue."

Aliahirisha kwa sababu mdomo wake hakuuamini. Tarakimu aliziamini. Alasiri ile akaketi barazani na simu, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma naye chuoni: kila mmoja aseme yuko wapi, anafanya nini, anapata kiasi gani. Baadhi walimtania, baadhi walimpigia pembeni wakalia. Mpaka jua linazama alikuwa na majibu ya wote, na hakuwa na tarakimu hata moja ya kumshangilia mtu.

Jumapili akasimama mbele ya usharika amevaa gauni la bluu, karatasi mkononi.

"Tulihitimu sitini na mmoja," alianza. "Leo wanaofanya kazi ya uchambuzi wa fedha ni tisa. Saba ni wanaume, wawili ni wanawake. Wanane wako Dar es Salaam, mmoja yuko Moshi. Kumi na wanne wako benki, kwenye dirisha la malipo au kwenye kuuza mikopo mitaani, na hao wa mitaani wanalipwa kwa kamisheni. Kumi na mmoja ni mawakala wa pesa za simu. Sita wanafundisha. Mmoja anapitisha vitunguu mpakani Holili. Wengine wako kwao, wanasubiri."

Mtu alikohoa huko nyuma. Aikaeli aliendelea. Anayeanza hupata laki sita, akibahatika laki nane, na kabla haijamfikia bodi ya mikopo inakata, kodi inakata, mfuko wa pensheni unakata. Nafasi zinapungua kila mwaka, kwa kuwa kompyuta sasa inafanya yenyewe sehemu kubwa ya kazi. Atakayesoma miaka mitatu kuanzia leo ataukuta mlango umebaki ufa.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Dada, na wewe unalipwa ngapi?"

"Milioni moja na laki mbili. Mkononi inafika laki saba na nusu."

Kanisa zima likacheka, tena kwa upendo, wanavyomcheka mtu mnyenyekevu. Ndelilio alicheka kuliko wote. Aikaeli akasoma mstari wake wa mwisho: "Na mwisho wa mwezi huu, wale tisa watabaki wanane." Hapo ndipo ilipopaswa kufuata sentensi moja fupi, yenye neno mimi. Alimwona mama yake kwenye benchi la pili, mikono ameikunja mapajani, anatikisa kichwa taratibu. Akakunja karatasi, akaketi.

Kwa nini walicheka, hilo alilijua baada ya ibada, pale nje kwenye mnada. Kila Jumapili waliokosa fedha taslimu huleta sadaka ya mazao, na ibada ikiisha mzee wa kanisa huvinadi vitu hivyo uani. Hakuna anayenunua kwa bei ya sokoni. Mtu hupandisha kadiri Mungu alivyomjalia, na watu husimama pale wakipima nani amejaliwa kiasi gani. Tangu mshahara wake wa kwanza, Aikaeli alikuwa ananunua juu. Mkungu wa ndizi kwa elfu themanini, jogoo kwa laki, kisha anamrudisha anadiwe tena. Alifanya hivyo kwa ajili ya baba yake, aliyekuwa hai wakati ule na kupenda sana kupongezwa. Baba alipokufa, aliona aibu kushuka. Alikopa mara mbili ofisini ili asishuke. Usharika mzima ulikuwa umeujua mshahara wake kwa miaka tisa, na haukuwa ule alioutaja madhabahuni.

Basi akaamua kwamba leo mikono yake itasema kile ambacho mdomo umeshindwa. Akaifungia ndani ya kitenge alichojitanda.

Mzee Anaeli alinyanyua trei la mayai. Likaanza elfu nane, likafika elfu kumi na mbili, likakwama. Anaeli akamgeukia Aikaeli na kusubiri. Wengine nao wakageuka. Aikaeli alitazama viatu vyake. Minong'ono ikaanza upande wa akina mama.

"Kumi na mbili mara ya kwanza," Anaeli alisema bila haraka. "Kumi na mbili mara ya pili."

"Hamsini." Ilikuwa sauti ya Rachel. "Aikaeli anatoa hamsini."

Watu walipiga makofi. Rachel alifungua fundo la kitenge chake, akahesabu noti tano za elfu kumi, zile ambazo Aikaeli alikuwa amemtumia wiki ile za dawa ya presha. Akapokea mayai. Aikaeli alitamani kumpokonya trei mikononi.

Ndelilio alikuja anatabasamu, Kindness nyuma yake. "Nilijua tu. Ulikuwa unatutisha ili waende wale wenye moyo kweli. Mtu wa laki saba na nusu hanunui mayai kwa hamsini."

"Baba mdogo, usiuze. Nimeachishwa kazi. Yule wa tisa ni mimi."

Tabasamu la Ndelilio lilififia kidogo. "Lini?"

"Juzi Ijumaa. Kwa barua."

"Nionyeshe hiyo barua."

"Sinayo. Ilikuwa na makosa. Nimeirudisha wakaisahihishe."

Ndelilio akacheka mpaka akashika kiuno. Mtu anafukuzwa kazi, halafu anarudisha barua ili imfukuze vizuri zaidi? Hata hivyo alikuwa mtu makini, na ardhi ya baba yake haikuwa jambo la kuchekea tu. Akamgeukia Rachel.

"Shemeji, ni kweli haya?"

Uani kulikuwa na watu wengi, na wengi wao walikuwa wamesogea kusikiliza. Rachel alilikumbatia trei la mayai.

"Aika amechoka tu," alisema. "Kazi zao zina mawazo mengi."

Aikaeli aliuma midomo. Ili kuendelea ilibidi amwite mama yake mwongo mbele ya usharika, na yeye hakulelewa hivyo. Jioni alikwenda kwa Ndelilio kujaribu tena, peke yake, akaongea saa nzima. Baba mdogo alimsikiliza kwa upole, akampa maziwa mgando, na mwisho akamwomba kitu kimoja: asiwe na choyo na mdogo wake.

Jumatatu asubuhi yule tajiri alikuja na futi ya kupimia. Kufika saa tano walikuwa wote ofisi ya kijiji, na mtendaji alikuwa anajaza mkataba wa mauziano kwa herufi kubwa. Muuzaji alipaswa kuwa na shahidi wa ukoo, msomi ikiwezekana, na Ndelilio alikuwa ameshamtaja. Aikaeli alikataa mara moja. Akaambiwa mtoto atakosa nafasi chuoni Ijumaa kama ada haijaingia, na kwamba tajiri ameshahesabu fedha, hivyo kihamba kitauzwa na yeye au bila yeye. Kindness alimshika mkono na kuubana.

"Jina la shahidi ninalo," mtendaji alisema. "Kazi?"

Aikaeli alifungua mdomo.

"Mchambuzi wa fedha," Ndelilio alijibu, na alivyolitamka ungedhani anataja cheo cha mwanawe mwenyewe.

Kalamu ikaandika. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Kwa siku nane nyingine neno hilo lilikuwa bado la kweli, na hapakuwa na kosa lolote la kuzungushia duara. Aikaeli akapokea kalamu, akaweka sahihi.