Mafuta ya Fundi Yarejea

Saa nne asubuhi, fundi cherehani alikuwa anapinda sketi ya sare mafuta ya mwili wake yalipoingia dukani na kusalimu. Yalikuwa yamemhama akiwa na miaka kumi na mitatu, yote, hata ya nyayoni. Tangu hapo watu walimwita Mnyanyua Vyuma kwa misuli ile iliyojichora, wasijue maskini kwamba alikuwa na njaa tangu kuamka mpaka kulala. Sasa yamerudi yamevaa gauni. Fundi aliona limebana kwapani, akachukua tepu akayapima bila kuulizwa.

Shangazi yake, aliyekuwa anashona vifungo, alisema mgeni njoo mwenyeji apone, akasogeza kiti.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki, wakaenda pamoja. Kwa miezi minane fundi alikuwa akichomwa kila siku sindano ya homoni wapewayo wasio na mafuta, ile ambayo mafuta ya mwili huituma kwenye ubongo kuarifu kwamba tumbo limetosheka. Damu yake, iliyokuwa ikitoka nyeupe kama maziwa kwa mafuta ya chakula yaliyokosa pa kukaa, ilianza kuwa nyekundu. Sukari ilishuka. Na jioni moja alibakiza chakula, akalia kwa furaha.

Muuguzi aliyapandisha mafuta kwenye mizani pamoja naye. Kadi moja, mizani moja, ndivyo walivyozoea pale. Kilo tisini na sita. Kwenye fomu ya dawa, palipoulizwa kama mgonjwa ana mafuta, akaandika: anayo.

Daktari alikubali kwamba mafuta yamekaa kwenye benchi, si mwilini. Lakini fomu, alieleza kwa upole, inauliza kama yapo, haiulizi yako wapi. Fundi alimwambia njaa anayo yeye, si benchi. Sindano zikasimamishwa hata hivyo, na akapewa karatasi ya ushauri wa kupunguza kula.

Mafuta yaliona aibu, yakajitolea kuhama tena. Muuguzi alisema yasijisumbue, keshaandika kwa wino.

Wiki ya pili njaa ilirudi na mizigo yake yote, na fundi akaogopa, maana aliijua. Jioni walikaa mezani wawili. Mafuta yalikula vijiko vinne, yakafuta mdomo.

"Tumeshiba," yakasema.

"Mimi bado," alisema fundi, akavuta sahani yao.